Mapafu hayalindwi kwa kitambaa: barua ya wazi kwa wakuu wa usalama katika migodi ya Lualaba

Kwa wakuu wa usalama na wanunuzi wa vifaa katika kampuni za migodi na kwa wakandarasi wao,
Kwa Ukaguzi wa Kazi wa jimbo la Lualaba,
Kwa SAEMAPE, idara inayosimamia wachimbaji wadogo, na viongozi wa kooperativi za wachimbaji,
Kolwezi.

Waheshimiwa, wababa na wamama,

Nawaandikia mbele ya watu wote kwa sababu yale tuliyoyasema ndani, kupitia kwa madelege na kwenye vikao vya kamati ya usalama, yamejibiwa kwa maneno mawili: EPI zimetolewa. EPI ni vifaa vya kujikinga, na kwenye daftari ni kweli, sahihi zetu zipo. Kila mtu alipewa kofia, buti, glavu na kashenee, yaani barakoa. Lakini shukeni kwenye konkaseri, mashine ya kuponda mawe, mkaitazame hiyo kashenee. Mara nyingi ni ile nyepesi ya bluu, ya hospitali, yenye kamba za masikio, tuliyoizoea tangu wakati wa Covid. Aliyeivaa amesimama ndani ya wingu la vumbi la mawe, na jioni huandikwa kwamba alikuwa amelindwa.

Hakulindwa. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Barakoa isiyolingana na hatari iliyopo, au isiyobana uso wa aliyeivaa, haifai kuhesabiwa kuwa kinga, na kila siku inapohesabiwa hivyo mnapata sababu ya kutogusa vumbi lenyewe. Mimi ni mtu wa chumba cha sampuli na ni delege wa wenzangu. Kampuni siitaji, kwa kuwa ninayoyaeleza yako pande zote mbili za barabara ya Likasi, na ikitajwa moja, nyingine zitapumua.

1. Vumbi letu lina nini.

Jiwe la Kolwezi hubeba shaba na kobalti, na pamoja nazo hubeba silika, ambayo mashine ya kutoboa na konkaseri huisaga ikawa unga mwembamba kabisa. Chembe nene, zile tunazozipangusa kwenye nyusi na kuzitema asubuhi, mwili unajua kuzizuia puani na kooni. Zinazotumaliza ni zile ambazo jicho halizioni, za mikroni 10 kushuka, na hasa zile za chini ya mikroni 4, maana hizo hufika mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu ambako kikohozi hakiwezi kuzitoa. Unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70. Kwa hiyo meneja akisema "leo hakuna vumbi, naona mpaka ukutani," ajue kwamba lile baya zaidi halionekani.

Silika ikifika huko chini huacha kovu. Kovu hilo linaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi, silikosi haina dawa ya kuiponya, na aliye nayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwenzake. Kobalti nayo huwaletea pumu baadhi ya wanaoivuta, na huweza kuharibu nyama ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO kule Lyon, liliweka ukungu wa asidi kali ya salfa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1992, silika mwaka 1997, na mwaka 2022 likaiweka kobalti na chumvi zake zinazoyeyuka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Vitu hivyo vitatu vyote viko katika kazi zetu. Ongezeni urani: Novemba 2018, kampuni ya KCC ilisimamisha kwa muda kuuza kobalti nje kwa sababu urani iliyokutwa ndani yake ilizidi kiwango kinachoruhusiwa kupita bandarini. Mzigo ulisimamishwa usiende. Watu waliofunga mifuko yenyewe walikuwa wamevaa nini puani?

Mnaukumbuka pia mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi, watu walipoanza mwaka 2014 kuchimba ndani ya parseli zao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya wakazi, na mwaka 2018 wakachapisha kwamba kobalti ilikuwa nyingi mwilini mwao kuliko kwa watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo, na kwamba watoto ndio waliozidi. Hao ni watoto wa nyumbani, waliovuta vumbi la uani. Sisi tunasimama penye vumbi hilo hilo linapozaliwa, zamu nzima.

2. Chujio hufanyaje kazi, na kwa nini ile ya bluu haitoshi.

Wengi, hata kati ya wanunuzi wenu, hudhani barakoa huzuia vumbi kama chekeche linavyozuia makapi: tundu likiwa dogo, chembe haipiti. Sivyo. Ndani ya barakoa ya kazini kuna tabaka la nyuzi nyembamba zilizovurugana, na nafasi kati yake ni kubwa kuliko chembe nyingi. Chembe nzito hukamatwa kwa sababu hewa ikipinda kuzunguka uzi, yenyewe haiwezi kupinda, hivyo inajigonga. Ya kadiri hukamatwa ikipita karibu mno na uzi na kuugusa. Ndogo kabisa hutikiswa huku na huko na hewa mpaka ijibamize kwenye uzi. Iliyo ngumu kukamatwa kuliko zote ni ile ya katikati, ya mikroni 0.3 hivi, na ndiyo maana vipimo vya maabara hulenga ukubwa huo. Kinachoongeza nguvu ni umeme tuli unaotiwa kwenye nyuzi kiwandani, unaovuta chembe zinazopita.

Umeme huo ndio roho ya barakoa nyepesi. Sabuni huuondoa, spiriti huuondoa, mvuke wa mafuta huuondoa. Nimeona wenzangu wakiambiwa wafue barakoa ya FFP2 na kuianika kwenye waya ili itumike wiki nyingine. Ikikauka inaonekana safi na inapumulika vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa inapumulika vizuri ikiwa haizuii tena.

Barakoa ya hospitali ilitengenezwa kwa kazi yake, kuzuia mate ya daktari yasimwangukie mgonjwa. Haikukusudiwa kubana mashavu. Kwa vumbi la mgodi kuna madaraja yanayojulikana. Kwa kanuni za Ulaya, FFP1 lazima ikamate angalau asilimia 80 ya chembe za kipimo, FFP2 asilimia 94, FFP3 asilimia 99. N95 ya Marekani na KN95 ya China hukamata asilimia 95. Masanduku mengi yanayofika hapa yanatoka China, na hilo si kosa. Kiwango cha China kwa barakoa za kazini kipo na kinaheshimika: kinaitwa GB 2626, na namba yake huchapishwa kwenye barakoa yenyewe. Kosa ni kununua ile isiyo na namba yoyote kwa sababu inafanana na yenye namba, kisha kumkabidhi mtu sanduku lenye maandishi asiyoweza kuyasoma, bila hata picha ya namna ya kuivaa.

3. Uso.

Hapa ndipo pesa yenu nyingi inapopotea, na ndipo ninapowaomba msome polepole.

Njooni kwenye chumba cha sampuli zamu ikiisha. Kijana ametoa kopo la chuma kwenye mashine ya kusagia, unga umeshika pembeni, anachukua bomba la hewa ya kompresa na kuupuliza ili kopo liwe safi kwa sampuli inayofuata. Chumba kinakuwa kijivu. Amevaa FFP2 halisi, namba zote zipo. Baadaye anaivua kwenda kula, na unaona juu ya uso wake michirizi miwili myeusi, mmoja kila upande wa pua, inashuka kutoka karibu na macho mpaka mashavuni. Mahali palipofunikwa na chujio pako safi. Michirizi ndiyo njia ambayo vumbi lilipitia. Hewa hufuata palipo rahisi: penye nafasi pembeni ya pua, haihangaiki kupita kwenye chujio. Anayetaka kujua kama barakoa zake zinafanya kazi aanze kwa kutazama nyuso za watu wake saa ya chakula, bila gharama yoyote.

Kila barakoa inayotegemea kubana inahitaji mambo matatu. Kamba mbili za kichwani, moja juu ya masikio na moja chini yake shingoni. Za masikio pekee mara nyingi hazivuti vya kutosha. Uso ulionyolewa pale inapokaa ukingo wake, kwa sababu ndevu hata za siku chache huiinua. Na ukubwa unaolingana na uso. Mnanunua saizi moja, iliyopimwa kwa wanaume, kisha mnawapa na akina mama wa maabara na wa kuchambua mawe, ambao wengi wao nyuso zao ni ndogo. Mama akicheka, barakoa inaruka kidevuni. Halafu anaandikiwa barua ya onyo kwamba hakuivaa vizuri.

Dawa ya kuvuja huko inajulikana duniani kote na haihitaji mashine kubwa. Mtu huvaa barakoa yake, akafunikwa kichwa kwa kofia ya plastiki, ikapuliziwa ndani dawa yenye ladha tamu au chungu. Anaongea, anainama, anageuza kichwa, anapumua kwa nguvu. Akionja ile ladha, barakoa inavuja, anapewa aina nyingine au saizi nyingine, anarudia. Ni dakika kama 20 kwa mtu mmoja, na hurudiwa mara kwa mara. Sijamsikia mtu mmoja wa sutretansi, yaani aliyeajiriwa kupitia mkandarasi, hapa Kolwezi aliyewahi kufanyiwa jambo hilo.

4. Hesabu ambayo hamtuonyeshi.

Kuchagua kifaa si kubahatisha. Kila aina ina kipimo chake cha kinga, yaani hewa ya ndani ya barakoa inakuwa safi mara ngapi kuliko ya nje, ikivaliwa vizuri. Kwa vipimo vinavyotumika Uingereza, FFP1 ni mara 4, FFP2 ni mara 10, FFP3 ni mara 20. Barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya P3 ni mara 20, ya uso mzima ni mara 40. Kofia yenye feni inayosukuma hewa iliyochujwa huweza kufika 40, na ndiyo nzuri zaidi kwa mwenye ndevu, kwa kuwa aina yake iliyo wazi haitegemei kubana shavu. Kifaa chenye mtungi wa hewa mgongoni hufika 2000.

Sasa chukueni mfano. Sheria ya Marekani ya viwanda na ujenzi tangu 2016 inaruhusu silika miligramu 0.05 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Mkipima pale konkaseri mkakuta miligramu 1, mmezidi mara 20. FFP2 hapo ni ndogo mno, hata ikivaliwa kama kwenye picha. Na kama hamjapima, mmejuaje kwamba mlichonunua kinatosha? Swali hili nimeliuliza kikaoni, nikajibiwa kwamba barakoa ni za ubora wa juu. Ubora wa juu kuliko nini?

Kisha kuna muda. Barakoa inayokinga mara 20, mtu akiivua nusu saa tu ndani ya zamu ya saa 8 huku vumbi likiendelea, kinga yake ya siku nzima hushuka mpaka mara 9 hivi. Fanyeni hesabu wenyewe mtaona. Na watu wataivua, kwa sababu mwezi wa tisa na wa kumi joto la hapa linachosha, chujio likijaa kupumua kunakuwa kazi juu ya kazi, na shefu akiita huwezi kumjibu akusikie. Kwa hiyo msinunue inayozuia sana kwenye karatasi peke yake. Nunueni ambayo mtu anaweza kukaa nayo. Ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha ni ghali siku ya kwanza, lakini hudumu, husafishwa bila kuguswa vichujio vyake, na hubana vizuri zaidi. Nikihukumu mimi, ndiyo ingekuwa ya kawaida kwa kila mtu wa kutoboa, wa konkaseri na wa sampuli.

5. Gesi ni jambo jingine kabisa.

Chujio la vumbi halizuii gesi. Katriji ya gesi peke yake haizuii vumbi. Watu wanachanganywa kwa sababu zote mbili huskrubuliwa kwenye barakoa ile ile.

Ndani ya katriji mna mkaa uliotayarishwa uwe na vitundu visivyohesabika, na mvuke hunasa humo. Rangi ya ukanda wake husema inazuia nini. Kahawia ni kwa mvuke wa kerosini na viyeyusho, kama kwenye kazi ya kutenga shaba. Njano ni kwa gesi ya salfa inayochoma koo. Kijivu ni kwa klorini na gesi za namna hiyo, kijani kwa amonia, nyeupe kwa vumbi. Katika ukumbi wa elektrolizi, ambako asidi hupanda kama ukungu, kuna matone na mara nyingine gesi pamoja, kwa hiyo inahitajika yenye rangi zaidi ya moja. Mtu wa ukumbi huo akipewa FFP2 kavu amepewa nusu ya jibu.

Mkaa nao hujaa. Nimeona katriji zimeachwa wazi zikining'inia kwenye msumari wa karakana toka Jumatatu mpaka Jumamosi, zikinywa hewa ya karakana usiku na mchana, kisha zinavaliwa kama mpya. Zinatakiwa kufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, ziandikwe tarehe zilipofunguliwa, na ziwe na ratiba ya kubadilishwa. Kusubiri mtu anuse ndipo abadilishe ni kumtumia yeye kama kipimo.

6. SAEMAPE na kooperativi, hili ni lenu, na ndilo linaloua kwa dakika.

Ndani ya shimo refu, pampu ya maji ya petroli au jenereta ikiwashwa, hutoka monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Hakuna FFP2 wala FFP3 inayoizuia, na mkaa wa katriji za kawaida hauikamati pia. Shimo lenye hewa kidogo ni hivyo hivyo: oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5 hakuna chujio lolote linalosaidia, kwa kuwa chujio husafisha hewa, haliitengenezi. Mchimbaji akiambiwa "vaa kashenee ushuke" amedanganywa, hata kama aliyemwambia alikuwa na nia njema. Na anayeshuka kumwokoa mwenzake aliyelala chini bila mtungi wa hewa, mara nyingi hulala kando yake.

Wafanyakazi wa migodi mikubwa ya chini ya ardhi huvaa kiunoni kifaa cha kujiokolea. Kuna aina inayotengeneza oksijeni kwa kemikali. Kuna nyingine yenye mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba unaoigeuza monoksidi ya kaboni kuwa gesi isiyo na sumu kali kama hiyo. Shaba, Waheshimiwa, ile ile tunayoichimba. Sidai kila mchimbaji wa shimo la mkono apate kifaa hicho kesho. Nadai jambo lisilo na gharama kubwa: injini ya petroli isishuke shimoni wala isikae mdomoni pa shimo, hewa safi isukumwe chini kwa bomba kutoka mahali pasipo moshi, kila kooperativi iwe na kipima gesi, na pawe na timu iliyofundishwa yenye mitungi ya hewa ambayo simu yake inajulikana machimboni.

Na kule Musompo, kwenye soko la madini, gunia linapomwagwa, jiwe linapopondwa na unga kuwekwa mbele ya kipimo cha Metorex ili ijulikane asilimia ya madini, vumbi ni kali, na vijana wanaoponda wamefunga fulana puani. Wamiliki wa depo wanajua bei ya kila asilimia ya kobalti. Wawanunulie vijana hao FFP3, na mawe yamwagiwe maji kabla ya kupigwa nyundo.

7. Maji kwanza.

Kila mkuu wa usalama amefundishwa kwamba barakoa ni kinga ya mwisho, baada ya kuondoa hatari, kuifunga, kuipunguza na kupanga kazi upya. Hapa imekuwa ya kwanza na ya pekee. Kutoboa mwamba kwa maji kunajulikana kwa zaidi ya miaka 100. Historia imeshaonyesha inakuwaje watu wakikataa. Miaka ya 1930 na 1931, huko Hawks Nest, West Virginia, Marekani, handaki la maji lilichimbwa kwenye mwamba wenye silika nyingi sana, kwa kutoboa kavu, na wafanyakazi ambao wengi wao walikuwa Weusi waliotoka mbali kutafuta kazi. Mamia walikufa kwa silikosi, wengine ndani ya miezi, na mwaka 1936 bunge la nchi hiyo likakaa kusikiliza ushahidi. Karibu zaidi na sisi, Afrika Kusini, wachimba dhahabu na jamaa zao walikwenda mahakamani, na Julai 2019 mahakama ya Johannesburg ikaidhinisha mapatano ya randi bilioni 5 kwa wenye silikosi na kifua kikuu, wakiwemo waliotoka Lesotho na Msumbiji. Wengi walikwisha kuzikwa. Kampuni zilizolipa zingetumia kidogo kuliko hicho kwenye mabomba ya maji.

Kwa hayo yote, tunaomba yafuatayo.

Pimeni vumbi na gesi kwa kifaa kinachovaliwa na mfanyakazi mwenyewe begani, katika kila kazi, kiangazi na masika, na matokeo yabandikwe kwenye ubao kwa Kiswahili na Kifaransa. Ukaguzi wa Kazi uidai karatasi hiyo kabla ya kuuliza daftari la EPI.

Barakoa za hospitali na za kitambaa ziondolewe katika orodha ya kinga ya vumbi kuanzia sasa. Aliyezinunua azipeleke kwenye kituo cha afya, zitafaa huko.

Kila anayepewa barakoa ya kubana apimwe nayo usoni, saizi ziwe angalau tatu, na mwenye ndevu kwa ajili ya dini yake au ngozi yake apewe kofia yenye feni badala ya onyo.

Mtu wa sutretansi apate kifaa kile kile anachopata mtu wa kampuni mama, kwa sababu wanasimama kwenye vumbi moja. Shirika la haki za binadamu la RAID na wanasheria wa CAJJ waliandika mwaka 2021 jinsi wafanyakazi wa kuajiriwa kupitia wakandarasi hapa Kolwezi wanavyopunjwa. Mkataba wa mkandarasi uwe na kifungu cha vifaa vya kupumulia, na kampuni mama iwajibike akikiuka.

Gharama yake isikatwe kwenye mshahara, na isichukuliwe kwenye ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo sheria ya madini ya Kongo ya 2018 imewatengea wananchi wanaozunguka migodi. Hiyo ni ya shule na visima vya watu wa Kolwezi. Kumlinda mfanyakazi ni deni la mwajiri.

Bomba la hewa ya kompresa lipigwe marufuku kusafishia vyombo na nguo. Wekeni mashine za kufyonza. Barabara za magari makubwa zimwagiwe maji hata pale wageni wasipotembelea.

Na la mwisho, ambalo naliona kubwa kuliko yote. Kila mfanyakazi apigwe picha ya mapafu na kupimwa pumzi anapoingia kazini, kila baada ya muda, na anapotoka, na apewe nakala mkononi. Silikosi huweza kujitokeza miaka 10 au 20 baadaye. Wakati huo mkataba umekwisha, mkandarasi amebadilisha jina, mtu yuko mtaani Manika au amerudi kijijini, na mbele ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, anatakiwa aonyeshe alivuta nini, wapi, kwa muda gani. Leo hana karatasi hata moja isipokuwa ile aliyotia sahihi kwamba alipokea kashenee.

Mvua zikisimama mwezi wa tano vumbi litapanda tena. Tunaomba majibu yenu kwa maandishi kabla ya hapo, kila ofisi kwa sehemu yake, mkitaja tarehe ya kupima na jina la cheo cha atakayewajibika. Sisi madelege tuko tayari kukaa nanyi siku yoyote, hata Jumapili baada ya misa, na tutakuja na vijana wa chumba cha sampuli ili muwaone kabla hawajanawa uso.

Kwa heshima,

Delege wa wafanyakazi, Kolwezi